Mtu Aliyekuwa Akituhesabu

Tarehe tisa mwezi wa tatu mwaka 1989 tulimpoteza Papa Gidi, huko Yangambi. Ninasema tulimpoteza ingawa hapa Kisangani sikumwona mtu mwingine aliyelia. Habari niliipata siku tano baadaye bandarini, kwa mama mmoja anayeleta mafuta ya mawese. Alikuwa anakaza kifuniko cha dumu lake, akaniambia bila kuniangalia, "Yule mutu wako wa kuandika watu, amekufa." Nilitaka kumjibu kwamba hakuwa mtu wangu. Nilirudi nyumbani Kabondo, nikatandika mkeka uani, nikafanya matanga peke yangu mpaka jua likazama. Majirani waliopita waliniuliza ni nani amekufa. Niliwaambia ni mtu wa zamani. Hakuna aliyeketi.

Jina lake sitaliandika, maana majina yaliyoandikwa yametuletea mambo ya kutosha. Papa Gidi ndivyo mji mzima ulivyomwita, kwa sababu kazi yake ilikuwa kuongoza wageni, na gidi kwetu ni kiongozi wa wageni. Miaka ile malori ya vijana wa kizungu yalikuwa yanapita hapa kwetu, yametoka mbali kaskazini, yanakwenda mashariki kuona mlima wa moto. Kisangani walipumzika wiki moja, wengine mbili, mpaka vipuri vya lori vipatikane. Papa Gidi aliwachukua kwenye maporomoko ya Wagenia kuangalia wavuvi na mitego yao, kwenye maporomoko ya Tshopo kuoga, na msituni kutembea. Waliokuwa na muda aliwashusha kwa boti mpaka Yangambi. Mimi nilikuwa mpishi wao. Nilipika maboke, samaki aliyefungwa kwenye majani na kuwekwa juu ya makaa. Yaya wangu, ndivyo tunavyomwita kaka mkubwa kwetu, ndiye aliyekuwa na pirogi, yaani mtumbwi, la kuwavusha.

Miaka minne tulifanya kazi hiyo sisi watatu, na sehemu kubwa ya miaka hiyo nilikuwa sina hakika na huyo mtu. Hata leo sina hakika yote.

Ugeni wake ndio uliotangulia kumharibia. Hakuwa wa hapa. Alitoka mji mdogo ulio chini ya mlima wa moto wenyewe, kule Kivu, ambako alikuwa anapandisha watu mpaka juu kabisa kuangalia ule moto unaochemka ndani ya shimo. Mwaka mlima ulipopasuka na kumwaga moto wake, aliondoka na mke wake na sanduku moja. Kiswahili chake kilikuwa cha kule, na Lingala alikisema kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. Asubuhi alivaa sweta ya sufu, kwenye joto letu hili, na saa nne aliivua na kuikunja vizuri kama nguo ya Jumapili. Watu walimwuliza, "Papa, baridi iko wapi?" Alijibu, "Nimeizoea. Nikiiacha kabisa itanisahau." Walicheka, lakini akishapita walisema mtu anayevaa sweta kwenye jua ana kitu anachoficha ndani yake.

Hakuwa na redio. Jirani yetu mmoja, mwenye cherehani, alikuwa na hesabu yake juu ya jambo hilo. "Mutu hana redio," alisema, "na habari zote anazijua. Basi anaambiwa na nani?" Kwamba Papa Gidi alishinda na wageni wanaotoka kila upande wa dunia, hilo halikuwa jibu kwake. Siku moja huyo mama alimtega. Alimwambia kwa sauti ya siri kwamba mtoto wa dada yake amebatizwa jina la kizungu, wakati majina hayo yalikuwa yamekatazwa. Haikuwa kweli, dada yake hana mtoto. Akangoja watu wa usalama waje kumwuliza. Wiki ikapita, mwezi ukapita, hakuna aliyekuja. Nilimwambia, "Basi umeona, mtu mwema." Akanitazama kama mjinga. "Nimeona iko na akili kuliko nilivyofikiri," alisema.

Ndivyo tulivyoishi. Ukimya wa mtu ulikuwa ushahidi, na maneno yake vilevile. Jumamosi asubuhi tulipokwenda kukata majani barabarani kwa kazi ya lazima, kila mmoja alichagua wa kukata karibu naye. Papa Gidi aliachiwa nafasi ya hatua nne kila upande. Hakulalamika. Alikata majani yake na yale ya nafasi zile pia.

Kitu kilichowatia watu hofu zaidi ni kuhesabu kwake. Kabla ya kuondoka alituhesabu. Tukifika alituhesabu. Mtu akienda nyuma ya kichaka kujisaidia, akirudi alimkuta Papa Gidi amesimama, midomo inacheza, kidole kinagonga paja. Halafu aliandika kwenye daftari dogo lenye jalada la bluu, kwa penseli iliyofungwa kwa uzi kwenye kifungo cha shati: jina la kila mtu, saa ya kwenda, saa ya kurudi. Hakuandika wazungu tu. Alitaka jina la mpiga kasia, la mpishi, hata la mvuvi aliyetusindikiza njia ya nusu saa.

"Mama wa maboke, tuko wangapi?" aliniuliza kila mara.

"Papa, si umehesabu?"

"Nimehesabu. Nataka na wewe uhesabu."

Yaya wangu alimtania sana kwa hilo. Yaya alikuwa mtu wa kucheka na kila mtu, mrefu, mwenye sauti inayovuka mto. "Papa Gidi," alimwambia, "siku ya mwisho Mungu atakuita umusaidie." Papa Gidi hakukasirika. "Akiniita nitakwenda," alisema, "lakini wewe panda kwanza, nikuandike."

Na hakukaa chini. Tukipata mahali pazuri pa kulia, penye kivuli na mchanga, wageni walijitupa chini. Yeye alitafuta jiwe la juu, akasimama hapo akila kwa mkono, macho yanazunguka juu ya vichwa vyetu. Mtu anayekula amesimama mahali pa juu, huku wenzake wanaongea chini yake, utasema anafanya nini? Siku moja kwenye maporomoko ya Tshopo wageni walikaa kwenye kibonde chenye majani laini, na yeye akawaamsha wote, akawapandisha juani, mkate ukiwa mdomoni. Walinung'unika.

"Papa, hapa hakuna mazuku," Yaya alimwambia. "Kuna mbu tu."

"Najua," alisema. "Mimi najua. Miguu yangu haijui."

Mazuku ni hewa mbaya ya kwao. Hiyo alinieleza mwenyewe, mchana mmoja nilipokuwa napara samaki na wageni wanaoga. Alisema kule chini ya mlima ardhi inatoa pumzi isiyoonekana na isiyonuka, nayo inakaa kwenye mabonde madogo kama maji. Mbuzi akiingia humo analala. Mtoto akimfuata mbuzi naye analala. Mwaka mmoja alikuwa amepandisha wageni watano na wabebaji wawili. Walilala juu, wakaona moto, wakashuka asubuhi kwenye ukungu. Kila mtu alikuwa anashuka kwa mwendo wake, na yeye alikuwa mbele akiongea na mgeni mmoja juu ya ndege. Chini kabisa, walipokaribia ziwa, akageuka akaona mbebaji mmoja hayupo. Akafikiri ametangulia nyumbani. Hakuwa amehesabu. Walimkuta kesho yake kwenye kibonde kando ya njia, ameketi, mzigo umewekwa vizuri pembeni, kipande cha muhogo mkononi. Alikuwa amepumzika tu.

"Na jina lake lote nilikuwa silijui," Papa Gidi alisema. "Nilikwenda kwa watu wake nikawaambia, yule mrefu."

Baada ya hapo aliinuka akaenda kuwahesabu waliokuwa majini. Sikumsikia akisema habari hiyo kwa mtu mwingine. Ninaiandika hapa mapema ili ijulikane kwamba mimi nilikuwa ninaijua.

Alikuwa na mambo yake mengine yasiyopatana. Alifanya kazi ya mto na hakujua kuogelea, akiingia kwenye pirogi alishika ubao kwa mikono miwili kama mzee kanisani. Alama ya chama tawala aliivaa kila siku, imenyooka kuliko ya ofisa, lakini tukishatoka ukingoni aliivua na kuitia mfukoni. Alisema ni kwa hofu isianguke majini. Wengine walisema ni mtego, ili sisi nasi tujisikie huru. Wageni aliwaambia mlima wake ni kitu cha kutisha, mtu mwenye akili asiende, na papo hapo aliwachorea njia kwenye udongo: hapa mnaacha lori, hapa mnachukua makaa maana juu hakuna kuni, hapa mnalala, kesho yake mshuke mkaone ziwa. Akichora uso wake ulibadilika, ukawa wa kijana. Yaya alisema, "Huyu ameacha mke mwingine kule juu." Buti alizovaa aliletewa na mzungu mmoja aliyerudi mara ya pili. Mtaa mzima ulitaka kujua buti kama zile hutolewa kwa kazi gani.

Sasa ile siku. Tulikuwa Wagenia, kwenye mawe, saa sita mchana. Walikuwepo wageni wanane wa lori moja, wapiga kasia, wavuvi, wanawake wawili wanaouza samaki, na vijana watatu waliokuja kutazama wazungu, ambao sikuwajua. Msichana mmoja mgeni aliuliza kwa Kifaransa kama msituni bado kuna chui. Papa Gidi akamgeuzia Yaya swali lile, maana Yaya alikuwa mwindaji zamani.

Yaya akajibu kwa Lingala, kwa sauti yake ile, "Chui tuliyebaki naye ni mmoja tu, na anakula peke yake."

Kila mtu aliyesikia Lingala alicheka. Ulikuwa wakati ambapo picha ya rais mwenye kofia ya chui ilikuwa kwenye kila ukuta wa Zaire, na hakuna aliyehitaji kuelezwa. Wageni wakangoja tafsiri. Mimi Kifaransa nilikisoma mpaka darasa la sita, na nilimsikia Papa Gidi vizuri. Alimwambia msichana, "Anasema wamebaki kidogo."

Jioni tulipofunga vyombo alikuja kwa Yaya na daftari lake. "Jina lako la mwisho, unaliandika namna gani?" Yaya akamtajia, herufi kwa herufi, huku anacheka bado.

Alhamisi asubuhi watu wawili walimchukua Yaya bandarini. Walimwambia avae viatu.

Mama yetu alikwenda kwenye ofisi ya usalama siku kumi mfululizo na chakula, na siku kumi alirudi nacho. Mimi nilikuwa natafuta mtu aliyepeleka maneno yale. Waliosikia maneno yale walikuwa zaidi ya ishirini, lakini kumtafuta mmoja kati ya ishirini kunachosha, na mmoja alikuwa na daftari. Kwamba alikuwa ameyaficha maneno ya Yaya kwa wageni, hilo nililigeuza vilevile. Nilisema moyoni: ameyafunika ili ayapeleke mazima.

Wiki hiyo hiyo nilikuwa sokoni, kwenye meza za sombe, majani ya muhogo, wanawake wamenizunguka wakinipa pole. Mmoja akauliza, "Lakini ni nani?" Nilisema, "Papa Gidi anaandika majina." Basi. Sikusema amemchongea Yaya. Nilisema jambo la kweli ambalo kila mtu alikuwa ameliona, nikaliacha pale mezani, na nilijua litafanya kazi gani.

Lilifanya. Wapiga kasia wakakataa kumvusha. Watumishi wa hoteli wakawanong'oneza wageni kwamba yule ni mtu wa usalama, wachukue gidi mwingine. Mke wake akaanza kwenda soko la mbali. Wageni wa lori lililofuata walikwenda Tshopo na vijana wawili wa mtaani, wakarudi jioni, na mgeni mmoja akakutwa usiku na wavuvi juu ya jiwe katikati ya maji, amepoteza sauti kwa kupiga kelele. Wenzake walikuwa hawajajua kwamba hayupo. Mimi nilisikia habari hiyo nikaendelea kuosha masufuria. Papa Gidi aliondoka mjini kabla ya Krismasi. Watu walisema mkosaji ndiye anayekimbia. Nami nilisema hivyo.

Yaya alirudi baada ya miezi minne. Miguu ilikuwa imevimba, na sauti ile ilikuwa imekwisha. Hakutueleza ya huko ndani, na sisi hatukumwuliza kwa sababu alikuwa anatazama mlango. Alilala kwenye chumba cha mama mpaka mvua za mwezi wa kumi. Tulimzika siku ya jua.

Miaka sita ilipita. Nilifungua mahali padogo pa kuuzia chakula, na mwaka 1987 nilishuka Yangambi kununua ndizi, maana mjini zilikuwa hazishikiki. Boti lilikuwa liondoke mchana. Ndizi nilizipata mapema, nikaacha kikapu kwenye kibaraza cha duka, nikaenda kutembea kwenye bustani ya miti ya kile kituo cha kilimo, mahali ambapo kila mti una kibati chenye namba. Nilimwona mbele yangu njiani, anawaonyesha wanafunzi wawili jinsi ya kumenya ganda la mti bila kuumiza mti. Alikuwa amekonda na mvi zimemjaa. Aliponiona aliwaambia wanafunzi watangulie.

"Mama wa maboke," alisema.

"Papa."

Alinionyesha gogo, tukakaa. Miaka sita nilikuwa nimejiandalia maneno mengi. Nikamwuliza tu, "Papa, ni wewe?"

Hakuniuliza nasema nini.

"Karatasi nilipeleka," alisema. "Kila Jumatatu. Kila gidi alipeleka, ilikuwa sheria. Majina, tumekwenda wapi, tumerudi saa ngapi. Yaya wako alikuwa kwenye karatasi kwa sababu alikuwa kwenye pirogi. Maneno yake sikuandika."

"Basi waliyapata kwa nani?"

"Sijui, mama. Jumatano waliniita. Maneno walikuwa nayo tayari, yamenyooka kuliko nilivyoyakumbuka mimi. Wakaniuliza, alisema ao hakusema? Na karatasi yangu iko pale mezani, inaonyesha nilikuwapo."

"Ukasema nini?"

Alisugua magoti yake. "Nikasema alisema."

Ndege walikuwa wanapiga kelele juu ya miti.

"Ungeweza kusema hukusikia. Pale Wagenia maji yana makelele."

"Ningeweza," alisema. "Nililifikiria hilo nikiwa njiani narudi nyumbani."

Nilikuwa nimekuja na langu pia, nikaona halitanitoka siku nyingine. Nikamwambia, "Mimi ndiye niliyesema sokoni kwamba unaandika majina."

"Najua. Mke wangu alikuwa pale ananunua sombe."

"Nilijua kwa nini unaandika. Uliniambia habari za yule mbebaji. Nilikuwa naikumbuka siku ile, nikasema hivyo hivyo."

Alinigeukia.

"Hiyo sikuijua," alisema. "Nilifikiri umesahau."

Honi ya boti ililia mara ya kwanza. Tuliinuka. Alitembea nami mpaka dukani, pole pole, na pale karibu na kibaraza akasimama.

"Yaya wako alisema nini juu yangu?"

Ningeweza kumpa kitu cha kumfaa, na ningeweza kumpa cha kumchoma. Nilimpa kilichokuwepo. "Alikutaja mara moja. Aliuliza kama bado unapeleka watu kwenye maporomoko."

"Ukamujibu?"

"Nilimjibu kwamba umeacha."

"Hukumwambia kwa nini."

"Hapana."

Aliitikia kwa kichwa. Halafu akashika mkono mmoja wa kikapu, mimi nikashika wa pili, tukateremka bandarini. Ndizi zilikuwa nzito na njia ilikuwa na utelezi, tukakiweka chini mara mbili kupumzika. Alikiingiza botini mwenyewe, amelowa mpaka magotini. Aliponipa mkono nipande, aliniambia nisikae nyuma, moshi wa mota ungenipata mpaka mjini, nikae mbele karibu na madumu ya mawese. Kule mbele walikuwepo watu nisiowajua, na tangu Yaya achukuliwe nilikuwa sikai karibu na nisiowajua. Nilikwenda nikakaa mbele.